Uzi: Safari ya bustani ya burudani na mtoto mwenye saratani ya damu, tulivyopanga na yalivyotukuta

Baba wa Wawili (mleta uzi)

Salaam wanajamvi. Miezi miwili iliyopita niliuliza humu kama yupo mzazi aliyewahi kumpeleka mtoto anayetibiwa saratani kwenye bustani ya burudani, nikajibiwa na watu watatu, wawili kati yao wakinipa pole tu. Sasa tumekwenda na tumerudi. Kwa kuwa najua yupo mwingine anayetafuta jibu lile lile usiku wa manane akiwa amekaa kando ya kitanda cha wodi, nitaeleza yote, hata yale yanayonitia aibu.

Binti yetu ana miaka 7. Saratani ya damu iligunduliwa akiwa na miaka 4, ikatulia, kisha ikarudi mwaka jana. Kaka yake ana miaka 11. Daktari alituambia kwamba kati ya awamu moja ya dawa na nyingine patakuwa na nafasi ya wiki tatu hivi, na kwamba kama tuna safari moyoni, basi wakati wake ndio huo. Hakuongeza neno, nasi hatukuuliza.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilikuwa nimekwisha kukata tiketi kwa kufuata likizo ya shule ya kaka mtu. Daktari alipoziona tarehe alizihesabu kwa kidole kwenye kalenda ya mezani, akanieleza kwamba baada ya dawa nyingi za kemo chembe nyeupe za damu hushuka mpaka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi, ndipo zianze kupanda tena, na kwamba mimi nilikuwa nimepanga kumwingiza mtoto katika umati wa maelfu ya watu siku ya 9. Tulibadilisha tiketi kwa hasara. Tangu siku hiyo hakuna mtu nyumbani aliyetaja tarehe mbele ya mtoto. Tulisema "tutakwenda damu ikikubali", na yeye mwenyewe akawa anawajibu hivyo hivyo wageni waliomuuliza.

Kosa la pili ni zito zaidi. Nilichora ratiba ya siku nne, kila siku ikiwa na michezo kumi na miwili na dakika za foleni zikiwa zimekadiriwa. Mke wangu aliitazama akaniuliza, "Hii ni ya nani?" Sikumwelewa. Siku ya kwanza, yapata saa tano asubuhi, mtoto alikuwa amesinzia kwenye kigari chake, nasi tulikuwa tumefika mbele kabisa ya foleni ya mashua inayopita ndani ya pango lenye taa za rangi. Nilimwamsha. Nilimwamsha mtoto mgonjwa aliyelala, kwa sababu zamu yetu ilikuwa imefika na nilitaka aione mashua. Alilia tangu tunapanda mpaka tunashuka, si kwa woga bali kwa uchovu, na picha iliyopigwa na kamera ya humo ndani inamwonyesha amefumba macho huku mimi nikitabasamu. Sikuinunua.

Usiku ule ratiba ile tuliichana. Siku ya pili mke wangu alimuuliza mtoto swali moja tu langoni: "Unataka kwenda wapi?" Alitaka farasi wa kuzunguka. Alichagua mweupe, ambaye rangi ya sikio la kushoto ilikuwa imebanduka mpaka mbao ikaonekana, akampanda mara sita mfululizo. Kila muziki uliponyamaza alikuwa analigusa lile sikio kwa kidole gumba, kama anayehakikisha kwamba bado limebanduka. Kijana aliyekuwa akiendesha mtambo alikiona kitambaa kichwani mwake, na kuanzia mzunguko wa tatu hakumwambia tena ashuke. Baada ya hapo tulikaa kwenye benchi kando ya bwawa karibu saa nzima tukitazama bata, ambao kwa hakika hata hawakuwa sehemu ya burudani tuliyoilipia. Saa saba tukarudi hotelini akalala. Huo ndio uliokuwa mwendo wetu: saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, basi. Jioni mmoja wetu alirudi bustanini na kaka mtu peke yake.

Siku ya tatu usiku alipata joto la 38.1. Kabla ya kuondoka tulikuwa tumeagizwa kwamba likifika 38 ni dharura, tusisubiri kupambazuke, na tusimpe dawa ya kushusha homa kabla ya kuzungumza na madaktari kwa sababu inaweza kuficha kinachoendelea. Tulikuwa na barua ya kurasa mbili, tulikuwa tumekwisha kuijua hospitali yenye wodi ya saratani ya watoto na njia ya kufika kutoka hotelini, kwa hiyo ndani ya saa moja alikuwa anaingiziwa antibiotiki kwenye mshipa. Tulilala huko siku mbili. Vipimo havikuonyesha maambukizi katika damu. Siku ya nne ya bustani hatukuiona, na cha kushangaza ni kwamba hakuna aliyeiulizia.

Maswali yanakaribishwa.

Muuguzi wa Watoto

Ndugu mleta uzi, poleni na hongereni. Nimefanya kazi katika wodi ya saratani ya watoto kwa miaka mingi, na ninaomba nijazie machache, maana familia nyingi hutuuliza wakiwa tayari na mabegi mlangoni.

Hiyo barua ya kurasa mbili ndiyo kitu cha kwanza. Iandikwe na daktari anayemtibu, itaje jina la ugonjwa, awamu ya matibabu, dawa zote kwa majina yake ya kitabibu na vipimo vyake, mzio, aina ya mrija wa mshipani alio nao mtoto, matokeo ya mwisho ya damu, na nini kifanyike akipata homa. Daktari wa zamu ya usiku asiyemjua mtoto huyo hatakuwa na muda wa kusikiliza historia ya miaka mitatu kutoka kwa mzazi anayetetemeka.

Dawa zisiingie kamwe kwenye mizigo ya chini ya ndege. Zigawe katika mabegi mawili ya mkononi yanayobebwa na watu wawili, zikiwa katika vifungashio vyake vyenye lebo, na uchukue zaidi ya siku za safari. Sheria ya vimiminika visivyozidi mililita 100, inayotumika katika viwanja vingi vya ndege, kwa kawaida haizihusu dawa zinazohitajika safarini, ila uzitaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Kwa wenye watoto wa kisukari nasisitiza zaidi, kwa sababu insulini ikiganda huharibika, na sehemu ya mizigo inaweza kuwa na baridi ya kuigandisha.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hewa ya ndani ya ndege. Hata ndege ikiwa juu sana, mgandamizo wa hewa ndani yake huwekwa sawa na ule wa mlima wenye urefu wa takriban mita 1,800 mpaka 2,400. Mtu mzima mwenye afya hahisi kitu. Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu, ugonjwa wa mapafu, kasoro ya moyo au selimundu anaweza kuhisi, na baadhi yao huhitaji oksijeni, ambayo shirika la ndege hutaka kujulishwa mapema kwa fomu inayojazwa na daktari. Mtungi wa nyumbani haubebwi tu mkononi ukaingia nao.

Kwenye michezo yenyewe, mtoto ambaye chembe sahani zake, yaani zile zinazogandisha damu, zimeshuka huvuja damu kirahisi, hivyo mitambo inayotikisa na kugonganisha si yake mpaka daktari aseme ndiyo. Mwenye mrija unaoning'inia nje ya kifua asiingie kwenye maji ya kuogelea. Baadhi ya dawa, methotrexate ikiwamo, huifanya ngozi iungue upesi na jua, kwa hiyo kofia pana na mikono mirefu si mapambo. Mwenye kifaa cha moyo, au mrija wa kutoa maji kichwani wenye vali inayorekebishwa kwa sumaku, aulize kwanza kuhusu treni zinazorushwa kwa nguvu za sumaku. Na mtoto mwenye kinga iliyoshuka akikaa karibu na mwenye tetekuwanga, piga simu hospitali siku hiyo hiyo hata kama hana dalili yoyote, kwa kuwa kinga anayoweza kupewa lazima itolewe ndani ya siku chache tu.

Mama Kifungua Mimba

Shikamooni wakubwa. Mwanangu ana miaka 9, ana ugonjwa wa misuli, anatembea lakini huchoka haraka. Kiti cha magurudumu amekikataa katakata. Anasema watu watamwangalia. Sisi tunatarajia kwenda mwakani. Mlifanyaje?

Baba wa Wawili (mleta uzi)

Marahaba, mama. Binti yetu naye alikataa neno "kiti" lakini alikubali kigari, kwa kuwa kaka yake alikifunga baluni na kukiita gari la mizigo, akawa anaweka humo koti lake na chupa za maji. Alipochoka "akajiweka mwenyewe kama mzigo". Sijui kama hila hiyo itamfaa mtoto wa miaka 9. Ninachoweza kusema ni kwamba bustani kubwa huwa na umbali ambao hata mimi uliniumiza miguu, na mtoto anayetumia nguvu zake zote kutembea kutoka lango moja hadi jingine hufika kwenye mchezo akiwa hana cha kubakiza. Ulizeni pia kama kigari kinaweza kupewa alama ya kuhesabiwa kama kiti cha magurudumu, kwa sababu bila alama hiyo tuliambiwa tukiache nje ya kila foleni, na ndani ya foleni ndiko tulikokihitaji.

Mzee wa Foleni

Nizungumzie foleni, kwa kuwa nimeona watu wakifika na imani isiyo sahihi. Wengi hudhani mtoto mgonjwa sana hupitishwa mbele moja kwa moja. Kila bustani ina utaratibu wake na utaratibu hubadilika. Bustani za Disney huko Marekani zilikuwa na kadi ya msaada kwa wageni, ambayo mwaka 2013 iliondolewa baada ya malalamiko ya kutumiwa vibaya, ukaja mfumo wa kupewa saa ya kurudi ili usubiri nje ya foleni. Mwaka 2024 mfumo huo nao ulibanwa, ukaelekezwa hasa kwa wenye ulemavu wa makuzi kama usonji. Mzazi anayesoma ushauri wa miaka mitano iliyopita anaweza kufika langoni na mtoto anayetibiwa saratani akaelezwa kwamba njia yake ni nyingine. Soma masharti ya bustani yenyewe mwezi mmoja kabla, kisha yasome tena wiki moja kabla.

Zipo pia bustani zilizojengwa kwa kuwafikiria watoto hawa tangu msingi. Morgan's Wonderland ya San Antonio, Texas, ilifunguliwa mwaka 2010, na mgeni mwenye ulemavu huingia bure. Mwaka 2017 waliongeza bustani ya maji yenye viti vya magurudumu vinavyosukumwa na hewa iliyobanwa, kwa kuwa betri na maji haviingiliani.

Mpita Njia

Kwa heshima zote, ndugu mleta uzi, nitasema ambalo wengine wanaliogopa. Mtoto kinga yake iko chini, fedha za matibabu hazitoshi, halafu anapelekwa kwenye umati ili apande farasi wa mbao. Matokeo yake mlilala hospitali siku mbili katika mji wa watu. Je, hiyo haikuwa safari ya wazazi kuliko ya mtoto? Farasi huyo hakupatikana karibu?

Baba wa Wawili (mleta uzi)

Mkuu, sikukasirika. Nusu ya swali lako nimekwisha kuikiri huko juu: siku ya kwanza ilikuwa safari yangu. Nilikuwa namlipa mtoto deni ambalo hakunidai. Nilitaka kukusanya katika siku nne kila kitu ambacho nilikuwa naogopa kwamba hatakipata, na yeye aliubeba mzigo huo mgongoni bila kujua ni wa nini.

Nusu ya pili siikubali. Homa ile ingeweza kumpata sebuleni, na imewahi kumpata sebuleni mara mbili. Ruhusa alitupa daktari baada ya kuangalia hesabu ya damu siku mbili kabla ya kuondoka, na angekataa tungebaki. Kuhusu farasi wa karibu, una haki. Ningekuwa naanza upya ningechagua bustani ndogo iliyo umbali wa saa moja kwa gari, tungekwenda asubuhi mbili zenye wiki nzima katikati, na ningezitumia fedha zilizobaki kulipa bima ya safari inayoutaja ugonjwa wake kwa jina. Bima yetu ya kwanza ilikuwa na kifungu kidogo kinachoondoa maradhi yaliyokuwapo kabla ya safari, maana yake ilimlinda mtoto dhidi ya kila kitu isipokuwa kile alichokuwa nacho.

Mama wa Marehemu

Nimeusoma uzi huu mara mbili kabla ya kuandika. Sisi tulikwenda kwa msaada wa taasisi inayotimiza matakwa ya watoto, na niliwakatalia kwa miezi minne. Nilidhani kusaini ile fomu ni kusaini kifo. Laiti mtu angeniambia mapema kwamba sivyo. Make-A-Wish, ambayo ilianza Arizona mwaka 1980 kwa ajili ya mtoto wa miaka 7 mwenye saratani ya damu aliyetamani kuwa polisi, hupokea watoto kuanzia miaka miwili na nusu mpaka chini ya miaka 18 wenye magonjwa yanayohatarisha maisha, na si lazima mtoto awe anakata roho. Wengi wao hupona na kukua.

Upo pia mji mdogo wa watoto hao huko Kissimmee, Florida, uitwao Give Kids The World Village. Aliuanzisha Henri Landwirth, mwenye mahoteli aliyenusurika kambi za Wanazi akiwa kijana, mwaka 1986. Familia hukaa katika nyumba yao wenyewe kwa wiki bila malipo, na Krismasi husherehekewa kila wiki ya mwaka. Nadhani hakuna mzazi wa humu anayehitaji kuelezwa kwa nini.

Mwanangu alifariki miezi saba baada ya safari. Naomba kumwambia mleta uzi mambo mawili. La kwanza, ile picha ya machozi ndani ya mashua, kama bado inaweza kupatikana, inunue. Mimi nina picha mia tatu ambazo mwanangu anatabasamu kwa sababu niliomba atabasamu, na ile ninayoitazama mara kwa mara ni moja ambayo amekasirika kwa sababu dada yake alikuwa amekaa upande wake wa dirisha. Alikuwa yeye hasa. La pili ni kuhusu kaka mtu, ambaye umemtaja kwa mistari miwili tu.

Baba wa Wawili (mleta uzi)

Dada yangu, Mungu amrehemu mtoto wako. Nimekaa na maneno yako tangu jana.

Ni kweli, nimemtaja kwa mistari miwili, na ndivyo alivyoishi nasi miaka mitatu hii. Nieleze basi. Jioni ya siku ya pili nilirudi naye bustanini, tukapanda treni ya kasi inayopanda polepole kisha inaporomoka. Kwenye kilele, kabla ya kuporomoka, aliniuliza kama inaruhusiwa kupiga kelele. Nilimwambia kila mtu hupiga. Aliporomoka akipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwake, na tuliposhuka alikuwa analia, akaomba turudie. Tulirudia mara nne. Baadaye alinieleza kwamba nyumbani hapigi kelele kwa sababu mdogo wake huwa amelala. Kama yupo mzazi anayepanga safari hii, namwomba atenge saa hizo za mtoto mzima kabla hajatenga kitu kingine chochote, na zisitolewe hata mambo yakiharibika. Usiku wa homa tulimwacha kaka mtu hotelini na shangazi yake, na kosa letu ni kwamba hatukumwamsha kumuaga. Aliamka akakuta vitanda vitupu.

Picha nimewaandikia. Wamejibu kwamba huzihifadhi kwa muda fulani na wanaitafuta.

Mama Kifungua Mimba

Asanteni nyote. Swali la mwisho, baba: mlimwambiaje mtoto mlipolazimika kuondoka kabla ya siku ya nne? Wangu akiahidiwa kitu kisitimie hununa wiki nzima.

Baba wa Wawili (mleta uzi)

Hatukuwa tumemwahidi siku nne, mama, na hiyo ndiyo faida pekee ya tiketi zile zilizoharibika. Tangu mwanzo tulimwambia kwamba tutakwenda bustanini asubuhi, na kila asubuhi tutaulizana upya. Alipozinduka hospitalini alitazama mrija, akatazama dirisha, akauliza kama damu imekataa. Mama yake akamjibu kwamba imekataa kwa leo. Akauliza kama farasi anajua. Tukamwambia atakuwa amekisia, akageukia ukuta akalala.

Wenye maswali kuhusu barua ya daktari waniandikie pembeni, nitawatumia mpangilio wetu baada ya kufuta majina. Kesho tuna kipimo saa mbili asubuhi na simu yangu itazimwa mpaka mchana. Nitawajibu jioni, damu ikikubali.